Ukoga wa Kwa Dzombo

Alamin Sufyan hakuwa mtu wa kutulia katika nyumba ya wenyewe kabla hajajua tangi la maji liko wapi. Hukaribishwa ukumbini, akapewa kahawa, akaulizwa hali ya watoto, naye hujibu vizuri kama mtu aliyelelewa akaleleka. Lakini macho yake huwa yanapanda ukutani na kutoka dirishani, yanatafuta. Akishaliona tangi, huuliza kwa upole, kama tabibu anavyomuuliza mgonjwa habari za choo: "Na hili, limeoshwa lini?"

Pale mtaani Shella, Malindi, alikozaliwa na kuoa na kuotea mvi, walimwita Alamin wa Matangi. Jina hilo alilichukua kwa fahari, kama mwingine anavyochukua jina la uhaji. Alikuwa mwembamba wa kuweza kupenya mdomo wa tangi lolote mjini, na hata baada ya ndevu kuingia weupe aliendelea kuteremka ndani mwenyewe, na brashi yake, ndoo yake na chupa ya klorini, akasugua huku akiimba kasida kwa sauti iliyovuma mle ndani hadi majirani wakajua leo ni zamu ya nani. Akimaliza, humwita mwenye nyumba apitishe kidole ukutani mwa tangi. Kidole kisipoteleza, Alamin hutabasamu. Kikiteleza hata kidogo, hurudi ndani bila kuambiwa.

Tabia hiyo aliirithi kwa mamake. Bi Mahfudha alikuwa na pua ya ajabu. Aliweza kukaa uani akipepeta mchele na akajua kuwa mtungi ulioko jikoni umeanza kufanya ukoga, ule utelezi wa kijani unaoota palipokaa maji. Mwanawe angeitwa kutoka mchezoni, apewe kumbi la nazi na mchanga, aambiwe asugue. Akimaliza, mama huinama, akanusa, akasema, "Bado," na kazi ikaanza upya. Kijana alipokua akaenda kuosha mabwawa ya kuogelea katika hoteli moja ya Kikambala, mabosi wake walishangaa kumwona anapiga magoti kando ya bwawa na kunusa. Baadaye alirudi Malindi, akaanza kazi yake mwenyewe ya matangi, na birika la msikiti wa mtaani akaliosha bure, kwa thawabu. Mkewe Safaa alikuwa na lalamiko moja tu juu yake, nalo ni kwamba hawezi kupita karibu na sahani alizokwisha kuziosha yeye bila ya kuziosha tena.

"Baba Sumeiya," humwambia, "siku utakayoniosha na mimi nitarudi kwetu."

Basi huyo ndiye mtu aliyefuatwa na Vivian.

Vivian alikuwa mtafiti wa maji, mwanamke kijana kutoka Meru aliyekuwa amepanga nyumba Malindi kwa ajili ya kazi yake huko bara, nyuma ya Marafa. Alikuja asubuhi, akavua viatu mlangoni, akaamkia shikamoo, akakaa mkekani pamoja na Safaa kana kwamba amezaliwa pale. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao Meru, cha kutupa viambishi huku na huko, lakini alikizungumza bila ya haya, na hilo Alamin alilipenda.

"Mzee, nimeambiwa hakuna fundi wa tangi kama wewe hii Malindi yote," alisema.

"Wamekwambia kweli," alijibu Alamin. Unyenyekevu katika mambo mengine alikuwa nao. Katika hili aliona ungekuwa uongo.

Vivian akamweleza. Kulikuwa na kijiji kiitwacho Kwa Dzombo, kilichopewa jina la mzee aliyeanza kuchimba bwawa lao zamani, na bwawa hilo ndilo maji yao yote, ya watu na ya wanyama. Mwaka ule masika yalikawia, maji yakapungua, jua likayapika, na mavi ya mifugo yakayarutubisha. Asubuhi moja watu waliamka wakakuta bwawa limekuwa kijani kama lililomwagiwa rangi ya mlango. Mbuzi kadhaa wa mtu mmoja aitwaye Jefwa walikunywa pembeni, palipokuwa na povu zito, wakafa siku ile ile. Watoto wakaumwa na matumbo, na walioyaogea wakawashwa ngozi.

"Hawakuchemsha maji?" aliuliza Safaa.

"Walichemsha, mama. Lakini ile mwani ya kijani imebeba sumu ndani yake. Ukichemsha, inapasuka, sumu inamwagika kwa maji, na moto haiwezi kuimaliza. Ni kama kupasua gunia ya unga halafu ufurahi kwa sababu gunia imekufa."

Safaa akacheka, kisha akaacha, akawafikiria watoto wale.

Alamin alikuwa amekwisha kusimama. Alirudi kutoka stoo na brashi zake zote, za mpini mrefu na mfupi, na klorini ya kutosha kuosha mji. "Twende," alisema. "Maji machafu hayaningoji."

Vivian alizitazama brashi, akatabasamu, akamsaidia kuzipakia garini. Baadaye Alamin alimlaumu sana kwa tabasamu lile.

Walipita daraja la Sabaki, wakapita Mambrui, kisha gari likaacha lami na kuingia nchi ya udongo mwekundu na miiba. Kwa Dzombo walipokewa na mwenyekiti wa kamati ya maji, Nyevu Baya, mama mrefu mwenye leso mbili na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Alimwamkia Alamin "Mwalamukadze?" na Alamin, aliyefanya kazi na Wagiriama tangu ujana, akaitikia, na papo hapo wakawa watu wa nyumba moja.

Matangi yalikuwa tayari yameletwa, matatu, meusi, yamepangwa juu ya jukwaa la mawe kando ya bwawa. Alamin akavua kanzu, akabaki na kikoi na fulana, akashika brashi. Hapo ndipo Vivian alipomwambia.

"Mzee, hii tangi sitaki uoshe. Nataka uweke bomba, uweke changarawe, uweke mchanga. Halafu maji ya bwawa yapite polepole. Ndani ya maji hiyo kuna bakteria, vijidudu vidogo hata jicho haioni. Wako wachache, lakini wameishi na hiyo sumu, wamejifunza kuila. Kwao ni chakula. Tukiwapa nyumba ndani ya mchanga, watazaana. Juu ya mchanga kutaota ngozi, inateleza, rangi ya kahawia. Hiyo ngozi na huo mchanga chini yake ndio itakula sumu."

Alamin alimtazama, brashi mkononi. "Ngozi inayoteleza."

"Ndio."

"Yaani ukoga."

"Kwa Kiswahili yenu, ndio. Ukoga."

"Mwanangu, umenitoa Malindi, mimi, uje unipe kazi ya kufuga ukoga?"

Nyevu alicheka hadi akajishika kiuno. Lakini Vivian hakucheka. Alisema kwa heshima kwamba alihitaji mtu atakayefunga mabomba yasivuje tone, na atakayeheshimu maji, na kwamba hakuona mwingine. Alamin akaiweka brashi chini. Mtu ukimsifu kwa kazi yake ni vigumu kukukatalia.

Kazi aliianza, na furaha yake ya kwanza aliipata katika mchanga. Uliletwa kutoka mto Sabaki, na Vivian akasema lazima uoshwe kwanza, kwani tope lingeziba kila kitu. Kusikia neno "uoshwe" Alamin alifufuka. Alikaa na beseni na Nyevu na wanawake wengine wa kamati, wakauosha mchanga ule hadi maji yake yakatoka meupe, wanawake wakainuka wakidhani wamemaliza, naye akainama, akanusa, akasema, "Bado." Walimpa jina siku hiyo hiyo, Mzee Bado, na hadi leo huko bara hajulikani kwa jina jingine.

Aliporudi kwake usiku, jambo jingine lilimkosesha usingizi. Si maji yatakayopita juu ya ukoga ni maji machafu? Watu wa kule, wengine ni Waislamu, watayatawadhia. Alfajiri alimngoja Maalim Aly nje ya msikiti, akamweleza yote.

Maalim Aly alisikiliza huku akivaa viatu. "Ukoga umetoka nje ukatiwa, au umeota humo humo ndani ya maji?"

"Umeota humo humo."

"Basi maji hayo yako katika utohara wake. Mbona hilo liko wazi? Maji yakibadilika kwa sababu ya kukaa kwake, au kwa ukoga wake mwenyewe, hayaharibiki. Tulisomeshwa hilo udogoni, mimi na wewe, katika chuo kimoja."

"Sikulisikia."

"Ulilisikia. Hukulipenda," alisema Maalim Aly, akaenda zake.

Basi machujio yakajengwa. Juu ya mchanga yaliachwa maji ya kiasi cha kiganja, yasikauke kamwe, kwa sababu vijidudu vikikauka vinakufa. Bomba la chini lilitoa maji taratibu, uzi mwembamba usiokatika. Vivian alikuwa na vikaratasi vya kupimia. Kikichovywa na mstari ukajitokeza, maji ni salama, na usipojitokeza, sumu imo. Wiki zikawa miezi, na mstari haukujitokeza. Jefwa, ambaye tangu kufiwa na mbuzi wake alikuwa haamini kitu, alikuja kila jioni akatazama, akatikisa kichwa, akaondoka. Maji ya kunywa yaliendelea kuletwa na lori.

Alamin naye alikuja kila wiki kukaza mabomba, na kila akifunua vifuniko aliona kitu kinakua. Kwanza ukungu tu juu ya mchanga. Kisha utando. Kisha ngozi kamili, ya kahawia yenye kijani kidogo, inayong'aa, yenye viputo. Alisikia vidole vinamwasha. Alirudisha kifuniko haraka, kama mtu aliyemfuma mwingine anavaa.

Siku mstari ulipojitokeza, Nyevu ndiye aliyeuona kwanza. Hakupiga kelele. Alikishika kikaratasi, akakipeleka kwenye mwanga, akamwita Vivian, akamwita Alamin, kisha akamtuma mtu kwa Jefwa. Jefwa alipokuja hakutikisa kichwa. Aliomba apewe kikaratasi chake mwenyewe apime kwa mkono wake, akapewa, akapima, na mstari ukajitokeza tena. Akamwendea mbuzi wake mmoja, akamleta, akamnywesha mbele ya watu wote, kisha akakaa naye hapo kutwa akimwangalia. Mbuzi alicheua tu. Jioni Jefwa alikwenda kwake akirusha miguu kama kijana.

Mambo yangekwenda hivyo hivyo kwa uzuri, lau si habari kwamba wageni wanakuja. Watu wa wizara ya maji kutoka Kilifi walitaka kuyaona machujio, na wakifurahi, wangesaidia kupeleka mengine katika mabwawa ya jirani. Vivian alimpigia Alamin simu, akamwomba aende siku moja kabla akahakikishe mabomba hayavuji, yeye mwenyewe atafuata na wageni.

Alamin alifika akakuta kijiji kimefagiliwa. Miti iliyozunguka jukwaa ilipakwa chokaa mashinani. Nyevu alikuwa amekwenda Marafa kununua mchele. Mabomba yalikuwa mazima, hayavuji tone. Angeweza kukaa kivulini akapumzika. Badala yake akapanda jukwaani, akafunua kifuniko cha tangi la kwanza, akachungulia.

Ngozi ile ilikuwa imenona. Ilikuwa na mikunjo. Alipouleta uso karibu, harufu ikampata, harufu ya mtungi wa jikoni kwa mamake. Aliwaza wageni wamevaa suti, wamepanda hapa, wamefunua, wameona hivi. Watauliza fundi ni nani. Wataambiwa ni Alamin wa Malindi. Alijiambia kwamba sumu ilikwisha kwisha, vikaratasi vimesema. Alijiambia kwamba vijidudu vimezama chini mchangani, na juu hapa ni uchafu wao tu. Alijiambia mengi, na huku anajiambia, mkono ulikuwa umeshaingia.

Aliukwangua ukoga wote wa tangi la kwanza, akauchota na mchanga wa juu, akautupa. Akamimina klorini, akakoroga mchanga hadi chini, akausafisha tena na tena. Maji yakawa kioo. Akaingia la pili, na kasida ikamjia mdomoni yenyewe. Ilikuwa ni miezi hajaosha tangi lenye uchafu wa maana, na atakayesema hakufurahi atamsingizia. Alikuwa anafunua la tatu aliposikia kitu kinaanguka chini. Ulikuwa mfuko wa mchele.

"Fundi," alisema Nyevu. "Wafanyani?"

Alamin alisimama na brashi mkononi. "Nasafisha kidogo. Kwa ajili ya wageni."

Nyevu aliuacha mchele pale chini. Alipanda jukwaani na leso zake mbili, akamsukuma kando kwa bega, akakirudisha kifuniko cha tangi la tatu, akakaa juu yake.

"Bi Nyevu, shuka utaanguka."

"Mino siondoki hapa," alisema Nyevu. "Nenda kaoshe bahari."

Ndipo alipompigia Vivian simu, akiwa pale pale juu ya kifuniko, na Alamin akasikia upande mmoja tu wa mazungumzo, nao ulimtosha. Kisha Nyevu akamnyooshea simu. Vivian hakumgombeza. Aliuliza tu umetia klorini, na umekoroga mchanga, na Alamin akajibu ndiyo, na ndiyo. "Sawa, mzee," alisema Vivian. "Pima."

Walipima matangi mawili yale, yaliyong'aa kama glasi za harusi. Mstari haukujitokeza. Maji ya bwawa yalikuwa yanapita kama yalivyoingia, na sumu yake yote, kwani hakukuwa na kitu cha kuila.

Alamin alishuka akakaa chini ya jukwaa, kwenye kivuli. Aliinusa mikono yake. Maishani mwake harufu ya klorini haijapata kumkera, lakini siku ile ilimkera. Alifikiri juu ya wanawake waliochota maji ya lori miezi yote ile wakingoja ngozi iote, na juu ya Jefwa na mbuzi wake. Alitaka kwenda zake Malindi, na gari hakuna.

Baada ya muda Nyevu alimwita mkwewe akalie kifuniko kwa zamu, kisha akaenda kwake na kurudi na sima na mboga ya mchunga, akaiweka baina yao. "Kula. Mikono umeosha, najua."

Alamin alitabasamu bila kutaka. Wakala. Mwishowe Nyevu akasema, "Mume wangu aliwahi kugema minazi kule upande wa Mambrui. Unisamehe kukutajia tembo, najua nyinyi hamnywi. Nilipoolewa, nilikuwa msafi kama wewe. Nikachukua kibuyu chake cha kutilia tembo, nikakiosha kwa sabuni na maji moto, nikakianika juani. Kesho yake tembo likakaa humo kutwa nzima, tamu, halichachi. Wateja walimcheka. Alinambia, mke wangu, umewaua watu wangu wa ndani."

"Watu wa ndani?"

"Ndivyo alivyowaita."

Alamin aliacha tonge mkononi. Alikuwa ameikumbuka siki. Nyumbani kwao kulikuwa na mtungi mdogo wa siki ya mnazi, kwenye pembe ya jiko, umefunikwa kitambaa, na ndani yake kulikuwa na utando mzito unaoelea, laini, wa kuchukiza. Bi Mahfudha, aliyemrudisha mwanawe kwenye kila chombo cha nyumba ile, mtungi huo hakumruhusu kuugusa. Siki ikipungua, aliongeza juu. Dada yake Alamin alipoozwa akaenda kukaa Lamu, mama alikata kipande cha utando ule kwa kijiko, akakitia kwenye chupa, akampa aende nacho. Miaka yote Alamin hakuwahi kujiuliza kwa nini. Aliudhani ni mtungi ambao mamake ameusamehe tu.

"Mamangu alijua," alisema.

"Alijua nini?"

Akamsimulia. Nyevu alisikiliza, akatafuna, akatazama juu kwenye tangi la tatu, ambapo mkwewe alikuwa amekaa na miguu inaning'inia. "Basi kumbe jambo ni dogo," alisema. "Chukua kijiko."

Walimpigia Vivian tena, na Vivian akasema ndiyo, hata yeye alikuwa anawaza hivyo njiani. Mchanga wa juu wa tangi la tatu ukipandwa katika matangi yaliyooshwa, vijidudu havitaanza upya kutoka kwa vile vichache vya bwawani. Vitaanza na jeshi zima. Lakini kwanza klorini iondoke yote. Jioni ile Alamin aliufua mchanga wa matangi mawili kwa maji ya bwawa, akausuza na kuusuza, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa anaosha ili kuondoa usafi. Kisha akafunua tangi la tatu mbele ya macho ya Nyevu. Hakutumia brashi. Alichota ukoga kwa kijiko cha sima, pembeni pembeni, kama mtu anayechukua utando wa juu ya uji bila ya kumwamsha mgonjwa, akautandaza juu ya mchanga uliosuzwa, akaufunika.

Wageni walipokuja kesho yake, Nyevu ndiye aliyewapokea, na hakuficha kitu. Aliwapandisha jukwaani wakafunua matangi yote. Akawaambia haya mawili ni masafi na yana sumu. Hili ni chafu na halina. Wakapimiwa mbele yao. Mkubwa wao, bwana mmoja mnene aliyejipangusa jasho muda wote, aliuliza ni kwa nini mawili yako hivyo, na Nyevu akamwonyesha Alamin kwa kidole.

"Huyu ndiye fundi wetu. Aliwaosheeni."

Alamin alitamani ardhi ipasuke. Lakini yule bwana alimtazama, akatazama matangi mawili yanayong'aa, akacheka, na wenziwe wakacheka, na Vivian, aliyekuwa amenuna tangu alipofika, naye akashindwa kujizuia. Mkubwa akasema kwamba ameona maonyesho mengi ya miradi na hakuna hata moja alilolielewa haraka kiasi hicho. Akaomba maji ya tangi la tatu. Vivian akasema yachemshwe kwanza kwa ajili ya magonjwa mengine, na kwa kuwa sumu haimo, moto sasa utafaa. Wakanywa chai yake na mandazi.

Matangi mawili yale hayakuchukua miezi kama mwanzo. Wiki chache tu, na mstari ukajitokeza katika la kwanza, kisha la pili. Alamin alikuwepo mara zote mbili. Mara ya pili alikitia kikaratasi katika mfuko wa kanzu akaenda nacho nyumbani, akamwonyesha Safaa, na Safaa akamuuliza kama sasa sahani zake zitapumzika. Alimjibu kwamba sahani ni jambo jingine.

Sasa ana kazi mbili. Mjini bado huteremka katika matangi na brashi na kasida, na kidole cha mwenye nyumba bado lazima kipite bila kuteleza. Lakini wizara ilitimiza ahadi, na mabwawa ya jirani yakaanza kupata machujio, na kila chujio jipya lahitaji mbegu. Mwenye kuipeleka ni Mzee Bado. Huichukua Kwa Dzombo katika ndoo yenye maji kiasi, akaifunika kitambaa kibichi isipate jua, akaipakata njia nzima katika gari la Vivian, na shimo likija humwambia dereva taratibu. Safari moja gari liliharibika, wakalivuta hadi Malindi kwa fundi, wakalala huko na ndoo, naye akaiweka jikoni kwa Safaa, mahali penye baridi. Asubuhi Safaa aliifunua akidhani ni mtindi. Mtaa wote wa Shella ulisikia alichosema.

"Usiimwage, Mama Sumeiya," alipiga kelele Alamin kutoka chooni. "Wako hai."

"Ndilo linaloniudhi," alisema Safaa, lakini aliirudishia kifuniko, akaisogeza mbali na jua.

Adhuhuri gari lilikuwa limepona. Walikwenda hadi bwawa la mbali, upande wa magharibi, ambako kamati nzima ilikuwa inangoja karibu na tangi jipya, na kijana mmoja mwenye bidii amekwisha kununua brashi na sabuni, amezipanga vizuri juu ya jiwe. Alamin alizitazama kwa kitambo. Akamwamkia kila mtu, akauliza hali ya mvua na ya mifugo. Kisha akaiokota ile brashi, akaipima uzito mkononi, akasema ni brashi nzuri sana na angependa kuinunua. Akaitia garini, akafunga mlango, akarudi na ndoo.